Kilo Ni Ileile

Jiwe la shaba la kilo moja
nimelibeba miaka thelathini na mmoja
ndani ya kisanduku chenye bawaba iliyolegea,
Mwanga, Gungu, Kibirizi, na kurudi,
nikilisimamisha juu ya mizani za watu
na kusema: hapa unapunja, Feruzi,
hapa uko sawa, hapa lipa faini, usinililie.

Jiwe halijanenepa. Halijakonda.
Lakini sukari inayolingana nalo
nilipoajiriwa niliinunua kwa noti moja, na chenji ikarudi;
leo naacha noti tatu za elfu, na mwenye duka
bado ameufumba mkono, anangoja.
Mawese, tunayoyakamua wenyewe hapa hapa,
yamepanda bei kana kwamba yametoka ng'ambo.
Dagaa, ziwa likifungwa, ni vito;
ziwa likifunguliwa, ni vito vyenye mchanga.

Mwezi wa nane natimiza hamsini na tano.
Sheria inaniruhusu kuondoka kwa hiari.
Hiari! Neno tamu, la watu wenye akiba.
Fomu nimeichukua kwa Bwana Ntibashima wa utumishi,
akaniuliza kwa sauti ya chini, kama muuguzi:
"Umepiga hesabu?"

Nimepiga. Nimepiga hadi hesabu zikanipiga.
Mkupuo ukija, theluthi inameza mkopo wa bati,
robo ni ya Eliakimu na mwaka wake wa mwisho Dodoma,
kinachobaki nakigawa kwa miezi,
na miezi inakuwa mingi kuliko nilivyodhani
nitaishi. Ajabu ya hesabu hii:
nikiishi sana, nimefilisika;
nikifa mapema, nimeweza.

Sabiha wa meza ya pili alingoja sitini.
Mafao yaliingia benki siku ya arobaini yake;
tulikula ubwabwa mzuri sana.
Gwasa aliondoka na hamsini na tano, mwepesi kama kijana,
akanunua bajaji mbili. Sasa anayo moja,
na hiyo moja imelala uani, kuku wanatagia ndani.
Nani kati yao nimfuate?

Kazini kwetu tunapiga vita lumbesa:
gunia likijaa, shona, usiliongezee kilemba.
Mwezi huu nimeteremka Kibirizi mara nne
na goti la kushoto limesema neno mara zote nne.
Hivi mimi, nikirundika mitano juu ya hii,
si ndicho kilemba chenyewe?
Na nani atanikamata?

Jana sokoni Mwanga, wateja haba,
Feruzi akisubiri nimgongee muhuri,
nikaitoa ile fomu, nikailaza juu ya mizani yake.
Mshale haukutikisika.
"Karatasi gani hiyo, afisa?"
"Miaka mitano," nikasema.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akapangusa sahani ya mizani
pale pasipokuwa na vumbi.

Nina ekari moja Mahembe, nusu yake mawe.
Wanasema mchikichi wa kisasa huzaa mwaka wa tatu.
Nikipanda sasa, nitakamua nikiwa na hamsini na nane,
niwe ofisini, niwe nje; mche hausomi barua.
Basi leo asubuhi, fomu ikiwa bado mkobani,
haina sahihi, ina duara la kikombe cha chai,
nimekwenda kitaluni na hela ya miche ishirini.
Kijana akanitajia bei.
Nikamwuliza imepanda lini.
"Jumanne," akasema.

Nikanunua kumi na mmoja.
Nikaihesabu mara mbili, mazoea ya kazi.