Swichi ya Korona

Saa ya ukutani kwa Bibi Tunu, Ngamiani:
mshale mfupi uko kwenye saba, sisi twasoma moja.
Tangu utoto tumezoea kuishi
saa sita mbali na namba tunayoitazama.
Kwa hiyo safari ya kurudi nyuma hainitishi.

Ningeshukia Ngomeni, mwaka wa nzige,
kiwandani, kabla ya king'ora cha saa nne.
Hoza Semkiwa analisha korona majani ya mkonge,
mkono wa shati lake umekatika kifungo.
Kwenye swichi amesimama kijana Sechonge,
ambaye alisita.
Wapo wasemao pumzi moja, wapo wasemao tatu.
Mwenyewe alikufa bila kutaja hesabu.

Ningeizima mimi. Hatua nne tu.
Lakini Hoza akirudi nyumbani mzima,
Bibi Tunu hakai eda,
Sechonge hapeleki posa,
mama hazaliwi,
na hiyo swichi imezimwa na mkono wa nani?
Basi korona inazunguka. Basi nazaliwa.
Basi naja mbio kuizima.

Kila mwaka Bibi humsomea Hoza khitma.
Mbeba masinia ni mimi.
Nakula ubwabwa wa kifo kilichonizaa,
nao mtamu, una iliki.

Juzi nilimuuliza: ungeweza, ungemrudisha?
Alinitazama, mwiko mkononi,
mpaka wali ukaanza kunuka moto.
"Umenawa?" akasema.
Nikanyoosha mikono juu ya beseni.
Akainamisha birika,
akasita,
sikuhesabu,
ndipo maji yakaja.