Saa za Watu

Baiskeli yangu ilikuwa ya mikate,
kreti nyuma, kengele isiyolia.
Kila alfajiri kutoka tanuri la Barabara ya Kumi na Mbili
hadi Makorora, hadi Sahare,
nikijiona mwepesi kwa kuwa hakuna aliyenipima.

Semboja alinipima.
Fundi saa, kibanda chake hakizidi upana wa kanga,
goti la kushoto halikunjiki tangu ajali ya Mkanyageni.
Siku tatu alinitazama nikipita, ya nne akaniita:
"Weye unakanyaga kama mtu anayedaiwa.
Shuka. Kiti hiki kimepimwa kwa miguu ya nani?"

Ya marehemu mjomba, nikasema.

"Basi goti linalokuuma ni la mjomba."
Akakipandisha vidole viwili, akakaza nati,
na maumivu niliyoyazoea kama mpangaji
yakahama bila kuaga.

Ada: elfu tatu kwa wiki na boflo mbili za moto.
Saa ya mashindano hakuwa nayo. Alitumia za wateja.
Jumatatu nilipimwa kwa saa ya karani wa bandari,
Jumatano kwa kisaa cha dhahabu cha bi harusi wa Chumbageni,
Ijumaa baada ya swala kwa saa ya ukutani ya msikiti,
ameikumbatia juu ya bodaboda
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
"Hii yachelewa sekunde sita kwa saa," akaniwahi,
"kwa hiyo usifurahi."

Mjini kwetu hakuna mlima.
"Mlima wetu upepo," akasema,
akanipeleka Raskazone saa tisa alasiri
nipande kitu nisichokiona.
Dakika tano kwa nguvu, tatu kwa upole, mara sita,
kisha kidole shingoni, nihesabu mapigo kwa sauti,
na watoto waliotoka kuogelea
wakinihesabia vibaya makusudi.

Yote hayo niliyaweza.
Kilichonishinda ni Alhamisi.
"Alhamisi unalala."
Na mikate?
"Mdogo wako hana miguu?"
Nililala macho kodo, kengele za watu zikipita dirishani,
miguu ikicheza chini ya shuka.
Jioni nikaiba: Mwakidila na kurudi, gizani, bila shahidi.
Kesho yake hakuniuliza neno.
Aligusa paja langu kwa kidole kimoja, kama anayeonja ubivu wa papai,
akaandika katika daftari la hesabu:
*Ameiba Alhamisi.*

Mwezi wa tisa, Jumapili, tukatoka watu themanini na wawili
kwenda Pangani. Kreti nimeivua.
Wenye baiskeli nyembamba walikuwa vumbi kabla ya Tongoni.
Semboja nyuma ya bodaboda, saa kumi na moja mikononi,
kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe.
Hakunishangilia. Kigombe, pumzi ikiwa kwenye meno,
alipaza sauti mara moja tu: "Mabega!"
Nikayashusha, na barabara ikaongezeka upana.

Nilikuwa wa ishirini na tisa.
Akazipanga saa zote juu ya ukuta wa ghala, akainama.
"Ya karani yasema umepunguza dakika nane tangu Juni.
Ya bi harusi, kumi na mbili."
Tuamini ipi?
"Bi harusi ana haraka zake. Andika nane."

Kurudi, bodaboda ikapasuka tairi Tongoni.
Akapanda nyuma yangu, pale pa kreti,
mguu mmoja umenyooka pembeni kama mlingoti,
mfuko wa saa ukitekenya mgongo wangu kwa mlio.
Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile
nikataka kukimbia nacho.
Nikainuka juu ya pedali, nimwonyeshe.

Kimya. Kisha mkono begani:
"Polepole. Leo Alhamisi."

Ilikuwa Jumapili.
Nikakaa, nikapunguza.