Ukurasa wa Mia na Kumi na Tisa

Saa kumi alfajiri niko Marikiti
nahesabu kabichi zikishushwa lorini:
mia tatu na nne, mia tatu na tano,
hii imeoza, itoe, andika.
Digrii yangu ni ya takwimu.
Majirani wakimuuliza, mama husema
"mwanangu yuko kwenye hesabu,"
wala hajasema uongo.

Saa nane niko South B, sebuleni kwa watu,
namfundisha Shanyisa sehemu na desimali.
Yeye hugawa chungwa, mimi hugawa siku:
robo ya kabichi, robo ya Shanyisa,
nusu ya lango.
Usingizi ni ile baki isiyogawika,
unaiandika pembeni, unaisahau.

Magharibi navaa koti la kampuni,
koti la mtu mnene aliyeacha kazi,
nakaa langoni, Kileleshwa.
Gari likipiga honi, nafungua.
Likipita, nafunga.
Afande Cheloti alinifunza yote kwa dakika mbili
na moja kati ya hizo alikuwa akipiga chafya.

Vitabu? Tuliachana vibaya.
Chuoni nilivimeza kama mwarobaini,
pua nimeibana,
na mtihani wa mwisho ulipokwisha
nikaviuza kwa kilo.
Mnunuzi aliweka jiwe upande ule wa mizani,
elimu yangu upande huu,
jiwe likashinda.
Miaka minne sikusoma kitu
ila salio la simu na meseji za wanaonidai.

Hadi njugu za Mama Nzisa.
Huziuza nje ya lango, za kumi kumi,
katika karatasi anazozisokota mwenyewe.
Jumanne moja njugu ziliniishia,
nikaikunjua karatasi nipanguse chumvi vidoleni.
Mia na kumi na saba.
Rukiya amebandika chai. Mvua. Mtu anabisha.
Nikageuza.
Amechukua taa. Anauliza nani, hajibiwi.
Na mstari wa chini kabisa, penye doa la mafuta:
akaondoa komeo, akafungua, na aliyesimama pale alikuwa

Basi.
Alikuwa nani?
Honi ililia mara tatu ndipo nikasikia.

Kesho yake nilinunua njugu za shilingi hamsini.
Ukurasa wa arobaini. Wa tisini na tatu.
Risiti ya saruji.
Hesabu za mtoto wa darasa la nne
(ya tatu alikosea, nikamsahihishia).
Na mia na sitini: Rukiya ana mvi,
hasemezani na dada yake.
Nilisoma chini ya taa ya lango,
taratibu, midomo ikicheza,
kama nilivyosoma
kabla mitihani haijazaliwa.

"Mama, kitabu hiki kiko wapi?"
"Kitabu kipi? Haya ni makaratasi."
Akavuta mfuko wa nailoni chini ya stuli.
Tukabadilishana: kilo mbili za magazeti ya wapangaji
kwa kilichobaki.

Kilichobaki ni kurasa themanini na sita.
Nimezishona kwa uzi wa gunia la kabichi.
Zinakaa mfukoni mwa koti
na ninamshukuru yule bwana kwa unene wake.
Lori likichelewa, nasoma.
Shanyisa akikwama, naiba mistari miwili;
akanifuma, ikabidi nimhadithie.
"Tuseme mlangoni alikuwa paka," akasema.
Tukasema paka.
Jana akasema ni baba,
amerudi kutoka Doha bila kupiga simu.
Kisha tukarudi kwenye desimali.

Mia na kumi na tisa ulikwenda na njugu za mtu mwingine.
Huenda umo mtaroni, huenda ulifuta kioo cha gari.
Nimeacha kuuliza.

Ila usiku, mtu akibisha kijilango cha waendao kwa miguu,
nachukua tochi. Nauliza nani.
Najua ni yule wa ghorofa ya tatu,
kasahau ufunguo tena.
Naondoa komeo polepole.