Sehemu ya Pili

Miaka tisa nimesubiri, si mchezo:
nimemaliza shule, nimezika baba,
nimeoa nikaachwa,
na bado nyuma ya macho mlango ule uko nusu wazi
kwenye merikebu ya chuma inayozunguka mwezi usio wetu,
na ndani, mtu mwenye kichwa cha fahali
anasikiliza nyayo za binti mwenye uzi.

Hapo ndipo ya kwanza ilipokatikia,
banda la video la Kanyenye, shilingi mia mbili,
Msabila na maiki yake iliyofungwa mpira wa baiskeli
akitutafsiria Wagiriki wa angani.
"Uzi huu," alisema, "ni wa kushonea magunia ya tumbaku,
haukatiki hata uvutwe na gari moshi."
Na fahali aliponyanyua pembe, Msabila akashusha sauti:
"Usiniogope, binti. Hata mimi nilinyonyeshwa."
Banda zima kimya. Muuza karanga akasahau chenji yangu.

Jana usiku nimeipata ya pili.
Fahali wako elfu kumi, wametoka kiwandani,
wanakufa kama kumbikumbi kwenye taa.
Binti ana bunduki.
Uzi? Uzi umekuwa mshale wa kijani kiganjani,
unasema kushoto, kulia, kama ramani ya simu.
Na mlango ule, mlango wangu,
wameulipua dakika ya nne.
Nikakaa hadi majina ya mwisho yakapanda yote,
labda mtu angerudi kuomba radhi.

Kwa hasira nikairudia ya kwanza, ile ya asili, bila mkalimani.
Fahali hasemi kitu.
Dakika mia na kumi, ananguruma tu.
Lile neno nililojisemea siku tunamfukia baba,
baba aliyekuwa mkali kuliko pembe,
hata yeye alinyonyeshwa,
halimo.

Asubuhi nimemkuta Msabila jirani na stesheni,
reli zinapoachana, moja Kigoma, moja Mwanza,
anachujia asali kwenye chupa za soda, nyuki wawili wamezama.
Nikamlaumu. Nikamsimulia yote, hadi kumbikumbi.
Akalamba kidole gumba.
"Unayo hiyo ya pili?"
Ninayo.
"Basi ilete jioni. Tutaizima sauti."