Klik Moja

Klik.
Halafu hakuna kitu.
Byakutaga anageuza ufunguo tena kama anayekamua jipu,
klik,
na abiria kumi na wanane waliokwisha kulipa nauli ya Panyimur
wananitazama mimi
kana kwamba nimeimeza injini.

Toa mkono, namwambia. Sikiliza.
Klik moja si klik nyingi.
Zikiwa nyingi, tiktiktik, kuku wanadonoa bati,
hapo betri ina njaa, kaichaji.
Kukiwa kimya kabisa, tazama fyuzi,
tazama gia, huenda umeiacha ndani.
Lakini klik moja, nzito, ya kifuani,
ni mgonjwa anayekuitikia:
nimesikia. Kuinuka ndiko siwezi.

Betri mpya, anaapa. Ya Hoima. Ya pili tangu Pasaka.
Ile ya kwanza aliilaumu, akamuuzia kinyozi,
na mpaka leo inanyoa vichwa vya Wanseko nzima
bila kulalamika.

Natia mita. Kumi na mbili na nusu.
Nakwangua vichwa vya betri, ule unga wa kijani,
nakaza kwa spana namba kumi.
Klik.
Nagonga stata kwa mpini wa nyundo, polepole.
Klik.
Nyamahunge ameketi juu ya magunia yake ya muziri,
jua linayapanda, soko la Pakwach halimngoji mtu.
Anasema: Ayerango, wanaume wote wa mwalo huu
wamekwisha kuigonga hiyo. Ndiyo maana imenuna.

Giramia, kijana wa kamba, ananinong'oneza:
labda ziwa limetukataa leo.
Ziwa halina waya, Giramia.
Shika hapa.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
ncha ya pili kwenye mwili wa injini wenyewe.
Mahali hapa mita husoma sifuri, au karibu na sifuri:
chuma kimeshikana na chuma,
hakuna cha kudaiana.
Geuza, Byakutaga.
Klik.

Sita.

Volti sita zimepotea
katika safari ya shibiri tatu.

Nani ameipaka rangi injini hii?

Mtu wa nyuma anacheka, kisha anajikohoza.
Byakutaga anatazama gugumaji.
Ilikuwa harusi ya Kabahenda, anasema, binti yangu.
Wakwe walikuwa wanavuka. Ningewapakia kwenye kutu?
Mkebe mzima wa bluu ya kung'aa,
siku mbili, brashi ya mkono.
Alifungua kila bolti, akapaka, akairudisha,
hata pale chini, waya wa hasi unapolala juu ya chuma,
hapo hasa alipaka mara mbili
kwa sababu palikuwa pabaya.

Basi umeme ulifika mlangoni kila asubuhi
ukakuta mlango umepakwa rangi.

Sina msasa. Natumia kisu cha samaki cha Nyamahunge,
kisha mchanga mkavu na kitambaa,
mpaka duara moja, upana wa sarafu,
linatoa rangi ya chuma kilichozaliwa.
Waya. Washa. Bolti. Kaza.

Geuza.

Inaguna. Inakohoa moshi kwenye kanga za watu,
inatema uzi wa maji ubavuni, wa moto, ulionyooka,
na Giramia anaurushia kidole kama mtoto.
Hakuna anayepiga makofi. Kila mtu
ameshaanza kugombania kivuli cha turubai.

Tulipatana elfu thelathini. Ananihesabia ishirini
na kusema nauli yangu leo ni bure,
kana kwamba nilikuwa naenda mahali.

Kisha anainama.
Anaitazama ile sarafu ya chuma
katikati ya bluu yake yote.
Ayerango, patabaki hivi?
Patabaki hivi.
Hata tone moja tu, pembeni?
Hapo paache uchi, mzee.

Wakaondoka.
Nilimwona mpaka mashua ikawa kama mbegu:
mkono mmoja kwenye usukani,
kichwa wazi juani,
kofia yake ameivika injini.