Mgawa Zamu

Kwenye mkataba cheo chake ni mwenye bidhaa,
na hamiliki kitu. Kiti ni cha kampuni,
meza ameazima kwa mhasibu wa ghorofa ya chini.
Hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.
Mimi najua, na mwanzoni nilimhesabia hilo.

Apondi. Huingia saa mbili kasoro, Kisumu haijapata joto,
husimama mbele ya ukuta wetu wa kadi
kama apetaye mchele: anatikisa, anapuliza,
anatoa jiwe,
na jiwe mara nyingi ni lile nililolipenda mimi.

"Hii?"
"Bado."
"Na hii?"
"Bado, Wasike."
"Mkurugenzi anataka dunia inayozunguka, ukurasa wa kwanza."
"Dunia inazunguka bila sisi."
Huko juu hakusema hivyo, najua. Alipanda ngazi,
akakaa dakika arobaini, akashuka
anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.
Kadi ya dunia ikahamia nyuma ya mlango,
jirani na kalenda ya mwaka juzi.

Tulikuwa tunajenga programu ya zamu za maji:
nani afunguliwe mfereji, lini, kwa saa ngapi,
mpunga usife huku na kuzama kule.
Nami nilikuwa nimechora ramani. Ramani, nakwambia!
Mifereji ya buluu, na kila shamba
ukiligusa linachanua.
Usiku wangu wa wiki tatu umo mle.

Alhamisi akanivuta hadi Ahero.
Tulimkuta Rusalia Adongo juu ya tuta,
sketi kaikunja magotini,
simu yake ya mulika mwizi imekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Apondi hakumwuliza anataka nini.
Alimwuliza: "Mara ya mwisho maji yalipokupita, ulikuwa wapi?"

Mama akacheka, kisha hakucheka.
"Nilikuwa kitandani. Ujumbe wenu ulikuja saa tisa usiku.
Mimi sisomi. Anayenisomea ni mjukuu, naye yuko bweni.
Kulipokucha yalikuwa kwa jirani,
na mtu haombi maji ya jana."

Ramani yangu ilikuwa mfukoni, imewaka.
Sikuitoa.

Ijumaa aliandika kadi moja kwa kalamu ya wino:
*Simu ipige. Iseme Dholuo. Jioni, watu wakiwa macho.*
Akaibandika juu kabisa.
Ramani akaishusha kwa mikono miwili, polepole,
kama ashushaye mtoto aliyelala.

Nilipandwa na hasira. Kerubo pia: "Siku ngapi hizo?"
"Siku ngapi, semeni ninyi.
Kipi kitangulie, nasema mimi,
na nikikosea, msitafutane. Nitafuteni."

Sauti tulirekodi stoo, kati ya ndoo na fagio,
maana barabarani bodaboda hawakutupa nafasi.
Sauti ni yake. Mara ya sita ndipo hakukohoa.

Wiki mbili. Saa moja jioni, sote tumesimama,
chai inapoa, namba zinapanda kwenye kioo:
imepokelewa, imepokelewa, haipatikani, imepokelewa.
Namba ya Rusalia, sekunde ishirini na mbili.
Kisha namba ileile ikapiga tena,
ikitupigia sisi.
Mashine ikapokea kwa namna yake, ikarudia zamu yake
tangu mwanzo, na mama akaongea juu ya sauti hiyo,
akangoja, akaongea tena, akakata.
Hatukuwa tumeijengea masikio.

Hakuna aliyesema neno.
Apondi akachukua kadi tupu, akaandika:
*Mama amejibu. Nani anasikiliza?*
Akasogea ukutani, akaipeleka juu,
akaishusha kati, akairudisha juu,
na kwa mara ya kwanza nilimwona mgawa zamu
ameshika kadi hewani
asijue pa kuiweka.