Baraza Saba

Toka mlango wetu wa Mkomani
hadi kibandani Langoni anakotengeneza saa
pana baraza saba.
Zamani Lali alizipita zote kwa salamu moja,
mkono juu, hana habari.

Kisha akaanza kusimama.
Kwa Bwana Famau: wajukuu hawajambo?
Kwa fundi Kupi: kibao hiki umekitoa wapi?
Kwa mjane wa Skanda alimuulizia hata paka.
Mtaa ukafurahi. Lali amekuwa mtu wa watu,
wakaniambia, uzee umemlainisha.

Mimi nilinyamaza.
Usiku hulala upande wa guu lake la kushoto.
La kulia lina joto lake,
la kushoto mtungi.
Nikalikanda kwa simsim, nikalikanda kwa karafuu,
vidole havikujua kama nipo.

"Nyama tu imekaza," akasema.
"Nikisimama kidogo, inaachia."
Ndipo nilipozielewa zile salamu.

Malindi, Dakta Sidi alimpima presha ya mkono,
kisha ya kifundo cha mguu,
akakunja uso.
Akatuonyesha picha: mshipa unashuka pajani mnene,
na juu kidogo ya goti
unakuwa uzi.
Lali akaikazia jicho lake la saa.
"Kumbe ndia yenyewe imeziba."
Akauliza watakata wapi.
"Hatukati. Tunatoboa."

Tundu kinenani, punje ya mtama.
Ganzi hapo tu, yeye macho.
Waya ukaingia ukipapasa gizani,
nyuma yake puto jembamba,
likafura, likasukuma kuta, likanywea,
wakaacha ndani springi ya wavu.
"Hutiwa ufunguo kila siku?" akauliza,
na wauguzi wakacheka, nikawasikia
nilipokuwa nje, makubadhi yake mapajani,
la kushoto limelika ncha.

Jioni nesi akachora alama ya kalamu
kwenye mgongo wa mguu.
"Gusa hapa, mama."
Nikagusa.
Kitu kikagonga, si kwa nguvu,
kama mgeni anayejua amechelewa.

Vidonge kila siku. Atembee. Sigara basi:
"Springi haifukuzi moshi, mzee."
Paketi mbili alizitupa mwenyewe.
Ya tatu niliikuta kwenye kopo la skrubu.
Niliitia maji, sikusema,
naye hakuuliza.

Mwezi wa pili nilimchungulia dirishani.
Akapita kwa Famau. Akapita kwa Kupi.
Punda wa mchanga akaja, simila, simila,
akabana ukutani, akaendelea
mpaka kona ikamficha.

Magharibi mjane wa Skanda akaja kuazima mbuzi ya nazi.
Hakuketi.
"Mumeo ana nini? Tangu atoke Malindi
ana maringo. Mkono juu, huyoo, kaenda.
Paka wangu hamuulizi tena."

Nikampa mbuzi.
Nikamwambia, nisamehe, dada.
Amepona.